Laini ya Lwakhakha

Kitale,
Jumapili, saa tisa alasiri.

Nafula mama,

Kama unasoma hii basi umeshafungua kiboksi cha simu na kutoa chaja, na mimi nimeshinda, maana nilimwambia mama yako huwezi kufika Chwele kabla hujakifungua. Yeye alisema utangoja mpaka ufike kwako. Mama yako anakupenda sana lakini wakati mwingine husahau umezaliwa na nani.

Niko kwenye meza ya kazi. Nimesukuma pembeni ile redio ya mwalimu, ile anayoiulizia kila wiki, nikapata nafasi ya karatasi. Wewe uko kwa jirani unasukwa nywele, na kwa vile nilivyokuona ukibeba ile mifuko ya nywele, hutarudi kabla ya jioni. Mama yako ana kuku jikoni, na tangu tutoke kanisani anaimba wimbo mmoja, ubeti mmoja, kwa sababu beti nyingine hazijui. Nyumba yote imechangamka kama tunaoza mtu. Nimejifanya mzee mwenye kazi nyingi ili nipate kuandika bila kuulizwa.

Ningekuambia kwa mdomo. Lakini nikisema "raini" wewe hucheka, na ukishacheka mimi pia hucheka, na jambo linapotea hapo. Kwa kalamu angalau L yangu inakaa mahali pake. Na kuna sababu nyingine, utaiona huko mbele, usiruke kurasa.

Mambo ya blanketi, ya kuchemsha maji, ya kufunga mlango na ya kutokopesha watu vyombo sitayagusa. Mama yako ameshayasema tangu Jumatatu na nina hakika atayasema tena kesho kwa steji huku gari likiondoka. Mimi nataka tuongee habari ya simu.

Kwanza nikuambie ukweli: mimi ndiye mwenye furaha kuliko watu wote katika nyumba hii. Unadhani nilikuwa natafuta nini sokoni Ijumaa nilipokawia? Nilikuwa naambia watu. Nimeambia muuza mafuta, nimeambia yule anayenoa visu, nimeambia hata mtu aliyekuja kudai redio yake na akasahau kudai. Msichana wangu ameajiriwa kwenye maabara ya kliniki huko Lwakhakha, nikasema, ana chumba chake na funguo zake, na darubini ya kuangalia malaria. Mmoja akaniuliza, "Wanjala, wewe ulisomea wapi hata ukazaa mtu wa darubini?" Nikamwambia huyo amechukua akili kwa mama yangu, ndiyo maana nilimpa jina lake. Nikatembea mpaka nyumbani nikiongea peke yangu.

Sasa turudi Jumamosi ile nyingine, tulipotoka kuchukua barua yako ya kazi Bungoma tukaingia duka la simu la Abdala, pale njia ya msikiti. Unakumbuka ulivyosimama mbele ya kioo? Mkono wako ulienda moja kwa moja kwa ile nyekundu inayofunguka katikati, yenye kamera. Mimi nikashika ile ya kijivu yenye tochi. Tukaanza. Wewe ukasema ya tochi ni ya watchman. Mimi nikasema nyekundu ni ya mtu anayetaka kuibiwa. Ukasema, "Baba, si ni mimi nitabeba?" Nikasema ndiyo, lakini betri ikiisha ni mimi nitakaa hapa nikijiuliza kama umemezwa na mto. Abdala alikuwa amekaa tu na kofia yake nyeupe, anatuangalia kama mtu anayetazama mpira.

Mwishowe akauliza kwa upole, "Binti anahamia wapi?"

Tukamwambia Lwakhakha.

"Na huko busta ni ya nani?"

Nafula mama, nikukumbushe jinsi tulivyotazamana. Mimi niliyetengeneza redio tangu kabla hujazaliwa, ninayewaambia watu kila siku kwamba redio si mbovu, ni pale ulipoiweka ndipo pabaya, nilikuwa nabishania rangi. Sikuwa nimejiuliza hata mara moja mawimbi yatatoka busta gani, mlingoti wa kampuni ipi, na kukufikia vipi. Abdala akasema huko mpakani kuna mahali laini moja inashika na nyingine imekufa kabisa, na kwamba wateja wake wa huko humrudishia simu wakidhani ni mbovu kumbe ni laini.

Hapo ndipo ulipobadilika. Uliweka ile nyekundu chini taratibu, ukaanza kuuliza. Betri inakaa siku ngapi. Ikianguka kwa simiti inakuwaje. Antena yake ni ya ndani au inatoka. Kisha Abdala akakuletea karatasi ya ile huduma ya mkataba, unaongea kwanza mwezi mzima halafu unalipa, na nikaona macho yako yanang'aa nikasema moyoni haya, huyu amekwisha. Lakini wewe ukaisoma yote. Ukageuza ukasoma na nyuma, yale maandishi madogo ya siafu. Ukauliza, "Na nikihamishwa kabla mwaka haujaisha, nani atalipa?" Abdala akacheka, akairudisha karatasi kwenye droo. Akasema katika wateja wote wa mwezi ule wewe ndiwe wa kwanza kuuliza. Ukachukua ya kadi za kukwaruza, uweke kredo unapotaka, usipotaka usiweke. Na ukachukua ya tochi, wewe mwenyewe, bila mimi kufungua mdomo.

Nilijivuna pale dukani mpaka nikashindwa pa kuweka mikono. Ndipo nikasema ile sentensi: "Laini niachie mimi, nitakutafutia."

Jumanne nilikuambia naenda Webuye kutafuta vipuri. Sikwenda Webuye. Nilikwenda Lwakhakha.

Nilibeba simu yangu na kiberiti. Ndani ya kiberiti mlikuwa na laini mbili: hii yangu ya zamani unayoijua, na mpya ya ile kampuni nyingine, ile vijana wote wanaisifu ati mkiongea wenyewe kwa wenyewe ni karibu bure. Niliposhuka kwa gari nikaweka ile mpya kwanza. Vijiti vyote vya netwaki vikasimama, vimejaa mpaka juu. Nikaweka yangu, vijiti viwili tu. Nikafurahi, nikasema kazi imekwisha kabla ya chai, nitampa hii mpya.

Nikairudisha mpya, nikateremka kuelekea kliniki yako. Karibu na lango simu ikalia, ujumbe. Nikavaa miwani. Ati karibu Uganda, tunakutakia ziara njema. Nafula, nilikuwa nimesimama Kenya kwa miguu yote miwili. Nikadhani ni mzaha, nikampigia mama yako pale kwenye simu ya jirani ili acheke, na kabla sijamaliza kuuliza habari za mchana kredo yote ikaliwa kwa bei ya Uganda, ikakata. Palepale kuna mama anauza ndizi, anaitwa Mama Chebet, ameweka meza yake ukutani mwa kliniki. Aliniona ninavyoiangalia ile simu. Akaniambia, "Mzee, hapa simu huvuka mpaka bila kitambulisho." Akacheka mpaka akashika meza. Huyo ndiye jirani yako wa kwanza, mnunulie ndizi.

Basi nikatoa ile mpya nikaweka ya zamani. Vijiti viwili. Nikasogea langoni, viwili. Nikaenda mpaka barazani mwa kliniki, viwili. Nikazunguka nyuma kwenye vile vyumba vya kupanga ambamo cha tatu ndicho chako, chenye mlango wa bluu, viwili. Niliinua mkono, nikainama, nikasimama juu ya jiwe. Haikucheza. Mzee mmoja alinifuata muda mrefu, mwishowe akaniuliza kama mimi ni mtu wa serikali wa kupima mashamba na kama watahamishwa. Nikamwambia hapana baba, napimia mtoto wangu sauti. Akanielewa kabisa, hata akanionyesha mahali pengine pa kupimia.

Kwa hiyo laini yako ndiyo hiyo. Nimeifunga simu pia isijitafutie netwaki yenyewe, ishike hiyo moja tu hata Uganda ikiita namna gani. Usiguse mahali pale pa kuchagua netwaki, tafadhali.

Lakini nilipokuwa nimesimama mbele ya mlango wako wa bluu na vile vijiti viwili mkononi, furaha ilinipanda halafu ikakatika. Kwa sababu laini iliyofaa ni hii yangu, namba ile ile. Na siwezi kukupa namba hii kabla sijakuambia kilichotokea juu yake. Sasa usisome ukiwa na haraka.

Wewe unakumbuka simu ilipoingia nyumba hii mara ya kwanza. Mama yako aliitandikia kitambaa cha kufuma ikakaa mezani kama mgeni. Nilikuwa nairukia ikitoa sauti kidogo tu. Watu wote wa ukoo waliokuwa wakiflashi, wanaita mara moja na kukata ili niwapigie, mimi nilikuwa nawapokea, nawalia kredo yao, na wakanipa jina baya. Ni wewe uliyenifundisha. Ulikuwa ungali shule. Ulisimama hapa ukasema, "Baba, flashi haipokelewi. Ni ya kuangalia tu." Ukaniandikia sheria nyuma ya kalenda: ikiita mara moja na kunyamaza, Nafula yuko salama, ikiita mara mbili mfululizo, Nafula anataka apigiwe. Kalenda ile ninayo mpaka leo. Nilijifunza, mama. Nilijifunza vizuri kupita kiasi.

Ulipomaliza shule ukaenda Misikhu kukaa na shangazi yako na kumsaidia shambani. Kabla hujaenda uliniomba kitu kimoja. Ulisema nikununulie laini tu, simu nisijali, utakuwa unaiweka kwenye simu ya shangazi jioni uangalie nani amekutafuta. Nilikujibu nini? Unakumbuka, maana ulinuna siku nzima. Nilisema, "Simu ya nyumba inatosha. Anayekutaka atanipata mimi." Na kwenye ile fomu ya kuomba nafasi chuo cha uuguzi ukaandika namba yangu, hii hii, na nikaona ni heshima.

Alhamisi moja nilikuwa hapa hapa kwenye meza, nachomelea waya. Simu ikaita. Nikaweka chombo chini, nikaangalia, namba siijui. Nikasema, ni Nafula, ameazima simu ya mtu huko Misikhu anatuambia yuko salama. Nikakunja mikono nikaitazama ikiita. Iliita ndefu. Nikasema huyu mtoto hana uangalifu, mwenye simu atamgombeza. Ikanyamaza. Kabla ya saa sita ikaita tena, namba ile ile. Alasiri tena. Nikaenda jikoni nikamwambia mama yako, "Leo ametukumbuka mara tatu." Akaniuliza, si nipige basi? Nikamweleza kwa subira, mimi mtaalamu, kwamba moja moja maana yake ni salama, mbili mfululizo ndiyo ya kupiga. Siku ile nilifanya kazi kwa furaha mpaka jua likazama.

Jumapili ukaja na gunia la mahindi mabichi. Nikakutania, nikasema unatumia simu za watu vibaya, mara tatu kwa siku moja. Ukashangaa. Ukasema, "Mimi? Alhamisi nilikuwa shambani mchana kutwa, simu ningetoa wapi?" Ukaingia jikoni ukicheka. Mimi nikabaki hapa na mkono juu ya redio ya mtu.

Jumatatu asubuhi nilikwenda nyuma ya nyumba nikaipiga namba ile. Akapokea mama mmoja, mpole, akasema ni ofisi ya chuo. Akatafuta jina lako akalipata upesi. Akasema nafasi yako ilikuwepo mpaka Ijumaa adhuhuri. Walipiga Alhamisi mara tatu, hapakuwa na wa kupokea, wakampa aliyefuata kwenye orodha. Nikamuuliza kama naweza kuja. Akasema njoo baba, lakini sidhani. Nilikwenda Jumatano. Nyumbani nilisema ni vipuri. Nilikaa kwenye benchi yao mpaka wakafunga, na yule mama alikuwa ameniambia ukweli.

Halafu wewe ukangoja. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Kila ulipokuja nyumbani uliingia ukisema, "Baba, hawajapiga?" na mimi, kwa mdomo huu, "Bado." Miezi miwili nilisema bado. Mpaka siku ile uliposema mwenyewe, "Hawakunitaka," ukaenda ukageukia ukuta wa jikoni ili mama yako asikuone. Nilisimama mlangoni. Nilikuwa na neno moja tu la kusema na nikasema jingine, nikasema vyuo ni vingi.

Walikutaka, mama. Walikutaka mara tatu kwa siku moja.

Sikukuficha ili usiumie. Hiyo ndiyo hadithi niliyojiambia na ilinitosha kwa muda. Ukweli ni kwamba niliona haya. Wewe ndiye uliyekuwa ukiwaambia wenzako baba yangu anaweza kutengeneza kitu chochote kinachotoa sauti, na nilitaka uendelee kusema hivyo. Nikaacha ubebe aibu yangu kana kwamba ni yako. Na umeibeba mpaka leo. Hata mwezi huu, mgeni alipokuuliza mbona si muuguzi, ulicheka ukasema huko hawakunitaka, na ukampakulia chakula. Unasema kwa utani lakini mimi ni baba yako, nilisikia.

Mwaka ule wote ulibeba ndoo na kuuza mboga na shangazi, halafu ukaamka mwenyewe ukatafuta hii kozi ya maabara bila kuniuliza, na kwenye fomu ukaandika namba ya shangazi. Niliona. Sikusema kitu, na wewe hukusema. Nimewaza sana kama ulijua. Nadhani hukujua, ulihisi tu kwamba kwa baba habari hazifiki.

Nilidhani nikishika simu yako ninakulinda. Kumbe nilikuwa nimekaa mlangoni mwako, watu wanakuja kukutafuta, na mimi nawatazama nikitabasamu. Sikuambii ujifunze kitu kutoka hapo. Ni mimi niliyejifunza, na nilichelewa.

Mama yako hakujua mpaka Jumanne. Niliporudi kutoka Lwakhakha nilimweleza yote, ya mlango wa bluu na ya chuo, pamoja. Alikuwa anachambua mchele. Hakupiga kelele, ningependa angepiga. Aliendelea kuchambua mpaka sinia likaisha, akasema, "Mwambie wewe, ama nimwambie mimi kwa steji mbele ya watu." Ndiyo maana naandika. Sitajifanya ni ushujaa.

Basi laini ni yako. Nimeitoa kwangu asubuhi ya leo nikaiweka kwako, na nilipoifunika na betri nilihisi kama nimemtoa mtu kifungoni. Kila fomu uliyojaza tangu sekondari ina namba hiyo, isipokuwa ile ya maabara. Wakikutafuta tena, chuo au serikali au mtu yeyote mwenye habari njema, watakukuta mwenyewe, na utajibu mwenyewe. Nimesikia wana masomo ya uuguzi kwa watu wanaofanya kazi tayari. Sijasema uende. Nimesema tu namba ni ile ile.

Utasumbuliwa kidogo mwanzoni, univumilie. Wateja wangu watakupigia wakidhani ni mimi, watakuuliza Mzee Wanjala, redio yangu? Wape namba yangu mpya. Yule mwalimu akipiga mwambie haijawa tayari, na umwambie kwa sauti ya maabara ili aogope.

Namba yangu mpya nimeshaiandika humo, kampuni moja na yako ili tuelewane. Utaiona mara mbili. Iko kwa jina la Baba, halafu iko tena kwa jina la Mama, namba ile ile. Nilikuwa nimeandika moja tu, lakini mama yako alichungulia begani kwangu akasema yeye hatatafutwa chini ya jina la mtu mwingine. Nikaandika ya pili bila kubisha. Unaona ninavyoendelea vizuri.

Nasikia sauti yako kwa jirani, unacheka, naona kichwa kimekaribia kwisha. Nifunge upesi kabla hujaingia na kuuliza mbona macho yangu mekundu. Kesho nitakubebea sanduku mpaka steji na nitaongea habari ya mvua na bei ya mbolea, na hutaona kitu usoni mwangu, kwa sababu mimi ni mwoga wa ana kwa ana, unanijua. Lakini ujue kwamba wakati huo huo nitakuwa na furaha ya kunipasua kifua, kwamba mtu huyu mwenye nywele mpya na simu ya tochi na namba yake mwenyewe ni wa kwangu.

Ukifika itakuwa kama saa hizi. Nitakuwa hapa mezani, simu mbele yangu, bila kitambaa. Zile sheria za nyuma ya kalenda nimezifuta leo. Kuanzia kesho katika nyumba hii kila inayoita itapokelewa, hata kama ni flashi, hata kama nitakula kredo ya ukoo mzima na wanirudishie lile jina langu baya.

Kwa hiyo ukiwa na hasira, mama, na una haki nayo yote, flashi na ukate upesi kabla mkono wangu haujafika. Nitajua umefika salama, na sitakupigia mpaka utakapotaka mwenyewe. Nitangoja hata miezi miwili, mimi pia nijue "bado" ni kitu gani.

Lakini ukiona unaweza, simama pale mbele ya mlango wa bluu penye vile vijiti viwili, bonyeza jina langu, na usikate. Acha iite. Safari hii nitapokea.

Baba yako,
Wanjala